Ukishapungua, Kazi Inayobaki ni Kutorudi

Wengi wanaopungua uzito huanza kurudi siku ile ile wanayodhani wamemaliza. Mizani inasoma namba iliyokuwa ikitafutwa, chapati inarudi kwenye chai ya asubuhi, matembezi ya jioni yanaachwa kwa sababu lengo limefikiwa, na mizani yenyewe inasukumwa uvunguni. Miezi kadhaa baadaye nguo zinapelekwa kwa fundi ziachiwe mshono. Watu husema huo ni uvivu au kukosa msimamo. Sisi tunaoishi na kazi hii hatukubaliani nao. Mtu aliyeweza kujibana miezi minane mfululizo si mvivu. Alichokosa ni maelekezo ya hatua ya pili, yaani kubaki kwenye uzito alioufikia, ambayo ina hesabu yake na ni ndefu kuliko ya kwanza, maana haina tarehe ya mwisho.

Tuanze na mwili, kwa sababu ukiuelewa hutajilaumu bure. Mwili mdogo hutumia nguvu kidogo kuliko mwili mkubwa, iwe umelala, umekaa au unapanda ngazi. Mtafiti Kevin Hall na wenzake nchini Marekani wamekadiria kwamba kila kilo inayopungua hushusha matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, na hapo hapo hamu ya kula hupanda kwa kalori kama 100 kwa siku. Aliyetoka kilo 90 akafika 75 ameshusha matumizi yake kwa kalori 300 hadi 450 kila siku. Sahani iliyomweka kwenye 90 bila kuongezeka, leo itampandisha. Kundi hilo hilo la watafiti liliwafuatilia washindani 14 wa shindano la televisheni la kupungua na kuchapisha matokeo mwaka 2016: miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa bado inatumia takriban kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hao walipungua kwa kasi kubwa mno, kwa hiyo usichukue namba hiyo kama yako, ila uelekeo ndio huo. Na njaa nayo ni ya kweli. Utafiti wa Australia wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwaka mzima baada ya kupungua, homoni zinazoleta njaa na zile zinazoleta shibe zilikuwa hazijarudi mahali pake. Ukihisi njaa mwezi wa nne wa kubaki, huna kasoro. Panga chakula chako ukijua njaa hiyo ipo.

Sasa hesabu. Swali la kwanza la kila anayefika ni hili: nile kiasi gani sasa? Jibu liko kwenye daftari lako la wiki nne za mwisho, ulipokuwa bado unakula kwa mpango. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Kama katika siku 28 za mwisho ulipungua kilo moja, gawanya 7,700 kwa 28, unapata 275. Hicho ndicho kiasi ulichokuwa unakula pungufu kila siku, na ndicho cha kurudisha. Ulipungua kilo mbili, rudisha 550. Na kama mizani ilisimama pale pale wiki zote nne, hakuna cha kurudisha: chakula unachokula sasa ndicho chakula chako cha kubaki. Hili la mwisho linauma, na ndipo wengi wanapoteleza. Wamekaa miezi miwili wakilalamika kwamba wamekwama, kisha wanatangaza wamemaliza na kuongeza chakula. Kumbe kule kukwama ndiko kulikokuwa kubaki kwenyewe.

Usirudishe yote kwa siku moja. Ongeza kalori 100 hadi 150 kwa siku, kaa hapo wiki mbili, angalia wastani wa uzito, kisha ongeza tena kama bado unashuka. Kwa chakula cha huku kwetu, kalori 150 ni nusu ya chapati ya mafuta ya ukubwa wa kawaida, au nusu ya parachichi kubwa, au yai la kuchemsha pamoja na ndizi mbivu ndogo. Wali mweupe uliopikwa hubeba kalori kama 130 kwa gramu 100. Unga wa mahindi ni kalori 360 hivi kwa gramu 100 ukiwa mkavu, na hapo usidanganywe na ukubwa wa bonge: ugali laini na ugali mgumu wa unga uleule vina nguvu ileile, tofauti ni maji.

Cha kuongeza kwanza kiende pale njaa inapokubana zaidi, na kiwe chakula kinachojulikana kwa jina na saa. Kipande cha muhogo wa kuchemsha saa 4 asubuhi, basi, hicho ndicho nyongeza. Anayesema tu "sasa naweza kula kidogo zaidi" huongeza asubuhi, mchana na jioni, na baada ya wiki tatu hajui alichoongeza ni nini.

Kuna jambo moja la siku za mwanzo ambalo limewakatisha tamaa watu wengi wasio na kosa lolote. Ukianza kurudisha wanga, mizani itapanda kilo moja, pengine mbili, ndani ya siku chache. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, kwa mtu mzima kama gramu 400 hadi 500 ukijaa, na kila gramu hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ulipokuwa unajibana, ghala hilo lilikuwa nusu tupu. Sasa linajaa. Ili uongeze kilo moja ya mafuta halisi kwa siku tatu ungehitaji kula kalori 7,700 juu ya mahitaji yako, na hukula hivyo kwa nusu chapati. Mmoja hapo huogopa, anakata chakula ghafla na kuanza mzunguko wa kufunga na kufakamia. Mwingine anakata tamaa na kuacha kila kitu. Subiri wiki tatu au nne, mizani itulie, ndipo uandike namba yako ya kubaki. Ukitaka kujipa nafasi, shuka kilo moja chini ya lengo kabla hujaanza kuongeza.

Mizani isiende uvunguni. Pima asubuhi, baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo zilezile nyepesi, mizani ikiwa juu ya sakafu ya saruji au vigae. Juu ya mkeka au zulia itakudanganya. Ile ya mshale irudishe kwenye sifuri kila mara kabla ya kupanda. Kuijaribu ni rahisi: panda, soma, kisha shika mfuko wa unga wa kilo 5 ambao haujafunguliwa, panda tena. Tofauti isipofika kilo 5, au ikibadilika kila unaporudia, tafuta mizani nyingine. Wale vijana wa mizani za barabarani wanafaa kwa kujua uzito wa jumla, lakini usizilinganishe namba zao na za nyumbani, kwa kuwa pale umevaa viatu, umekula mchana, na simu na funguo ziko mfukoni.

Namba ya siku moja haina maana kubwa. Chumvi ya pilau la jana, choo kigumu, joto na hedhi vyote huisogeza. Chukua wastani wa siku saba. Mtu akisoma 71.2, 70.8, 71.0, 71.9, 71.6, 71.1 na 70.9, wastani wake ni 71.2, na ile 71.9 ya katikati haikuwa na habari yoyote. Wanawake walinganishe wiki moja ya mzunguko na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita, maana siku za kabla ya hedhi maji hukaa mwilini.

Kisha weka mipaka na uiandike ukutani. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 liliwafundisha watu waliokwisha kupungua kutumia rangi tatu, na sisi tunaona hakuna njia iliyo wazi kuliko hiyo. Ukiwa ndani ya kilo 1.4 juu ya namba yako uko kijani, endelea. Ukipita hapo ni njano: kitu fulani kimeteleza, kitafute wiki hiyo hiyo. Ukifika kilo 2.3 juu ni nyekundu, na hapo unarudi kwenye mlo wako wa kupungua, ule ule ulioujua, mpaka urudi kijani. Usibuni adhabu mpya wala kufunga siku tatu kwa maji matupu. Kati ya waliofuatiliwa miezi 18 bila mafunzo hayo, asilimia 72 waliongezeka kilo 2.3 au zaidi. Waliofundishwa ana kwa ana walikuwa asilimia 46. Bado ni wengi, lakini tofauti ni kubwa, na waliojipima kila siku ndio waliofanya vizuri zaidi. Kilo mbili huondoka kwa wiki nne. Kilo kumi ni kuanza upya.

Yupo ambaye mizani humharibia siku, au aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima au kujitapisha. Huyo atumie futi ya fundi cherehani mara moja kwa wiki, apime kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi kawaida. Hatari ya kiafya huanza kuongezeka kiuno kinapopita sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.

Tuje jikoni, kwa kuwa hapa ndipo uzito unaporudia. Ukiuliza watu wamerudije, watakutajia harusi na sikukuu. Kwa tunavyoona, mara nyingi ni chupa ya mafuta.

Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori kama 8,200. Kijiko kimoja cha chakula ni zaidi ya 120. Nyumba ya watu watano ikimaliza lita kwa siku nane, kila mmoja amekula mililita 25 kwa siku, kalori 200 na kidogo. Nyumba ileile ikianza kuimaliza kwa siku tano, kila mmoja anakula mililita 40, kalori 330 hivi. Ongezeko la zaidi ya kalori 120 kwa kichwa kila siku, na sahani mezani inaonekana vilevile: mchicha uleule, maharage yaleyale. Hakuna aliyeongeza chakula. Kilichobadilika ni mkono wa anayemimina. Kwa hiyo chukua kalamu ya wino mzito, andika tarehe kwenye chupa siku unapoifungua, na uangalie imekaa siku ngapi. Nyumba zinazonunua mafuta ya kupima dukani ziandike kwenye daftari kila robo lita inapoingia. Anayepika apime kwa kijiko kabla ya kutia sufuriani: vijiko vitatu vya chakula kwa mboga ya watu watano vinatosha, kitunguu kikaangwe kwa moto mdogo, na kikianza kushika chini ongeza maji kidogo, usiongeze mafuta. Nyanya zikiiva vizuri na chumvi ikiwa sawa, hakuna atakayeuliza mafuta yako wapi.

Kama anayepika si wewe, zungumza naye kwa heshima na mapema, si wakati sahani imeshawekwa. Dada wa kazi aliyefundishwa kwamba mchuzi mzuri ni ule unaoelea mafuta hawezi kubadilika kwa kununiwa. Mpe kijiko, mweleze sababu, kaa naye jikoni siku mbili.

Tui nalo. Nazi moja ya wastani ina nyama ya gramu 300 hadi 400, na theluthi yake ni mafuta. Tui la kwanza ndilo linalobeba mengi ya hayo. Hatumwambii mtu wa pwani aache nazi, na wala haina haja. Pikia wali tui la pili, jepesi, na tui zito liwekee siku moja ya wiki, siku ya samaki wa kupaka au kisamvu. Kinachoumiza ni wali wa nazi, maharage ya nazi na mboga ya nazi kwenye sahani moja, kila siku.

Sukari ya chai hurudi kwa siri zaidi. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni kalori 140 hivi. Soda moja ya chupa ndogo ina sukari ya gramu 30 na zaidi, na juisi za barabarani mara nyingi hukolezwa sukari juu ya utamu wa tunda lenyewe. Ulipokuwa unapungua uliviacha. Vikirudi, virudi kwa hesabu, kama nyongeza uliyoamua, si kwa kuwa mwenyeji amemimina.

Protini usiishushe ulipoongeza wanga. Misuli hutumia nguvu hata ukiwa umekaa, na shibe ya maharage, samaki au mayai hudumu. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili wako, ukiwa huna ugonjwa wa figo. Mwenye nao amfuate daktari wake. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 84 kwenda juu. Mayai mawili asubuhi yanampa 12, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kipande cha samaki au kuku cha gramu 120 kinampa karibu 30, na dagaa wakavu ni karamu ya maskini kwa jambo hili: gramu 30 tu zina protini karibu 18. Wakaushe kwenye kikaango bila mafuta, tia nyanya, kitunguu na ndimu.

Mchana wengi wetu tunakula kwa mama ntilie, na pale agizo linabadilisha kila kitu. "Mama, niwekee wali nusu, mboga za majani nizidishie, mchuzi usichote juu." Sema hivyo siku tatu, siku ya nne atakuwekea bila kuambiwa. Chipsi mayai iwe chakula cha kupangwa. Sahani iliyojaa huvuka kalori 800 kwa urahisi, na ukiila saa 3 usiku juu ya chakula cha nyumbani kinachokusubiri, siku imeharibika.

Na hiyo saa 3 usiku ina chanzo chake: foleni. Mtu wa Dar es Salaam ametoka Mbagala au Kimara saa 11 alfajiri, amekula mchana saa 7, anafika nyumbani saa 3 usiku akiwa hajatia kitu tumboni kwa muda wa saa nane. Hakuna nia inayoshinda njaa ya saa nane mbele ya sufuria. Dawa ni kula kidogo saa 11 jioni kabla hujapanda gari: yai la kuchemsha na kachumbari kutoka kwa wale vijana wa ndoo, au karanga kiganja kimoja, gramu 30 hivi, kalori kama 170. Pakiti ndogo ya karanga inunue moja, usinunue tatu kwa sababu ni bei rahisi. Ukifika nyumbani utakula kama mtu, na utaacha shibe inapofika.

Jumamosi na Jumapili zihesabu pamoja na wiki. Ukizidisha kalori 700 kila mojawapo, umeongeza 200 kwa kila siku ya wiki hata kama Jumatatu hadi Ijumaa ulikuwa sawa kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya wanaosema "mimi nakula vizuri lakini napanda".

Msimu wa sherehe hapa mjini hauishi: kikao cha harusi, send-off, kitchen party, harusi yenyewe, kipaimara, arobaini. Usiende na njaa ukidhani unaweka akiba. Kula yai na tunda nyumbani, fika, kula sahani moja uliyoichagua kwa macho kabla ya kupakua, na vinywaji viwe maji. Ukweni ni kugumu zaidi, kwa sababu kukataa chakula ni kumkataa mwenyeji. Pokea sahani, kula taratibu, sifia mapishi kwa jina la chakula, na ukiongezewa sema: "Mama, nimeshiba kabisa, pilau limekolea. Naomba unifungie kidogo niwapelekee watoto." Chakula kimepokelewa, heshima imebaki, tumbo limepona.

Ramadhani huwashangaza watu kwa kuwapandisha. Mwezi wa kufunga, na mizani inaongezeka! Sababu iko mezani: uji wenye sukari nyingi, kaimati za shira, sambusa, viazi vya kukaanga, muhogo wa nazi na magimbi, vyote kwa pamoja, kisha daku nzito. Fungua kwa tende tatu na maji, swali Magharibi, kisha rudi ule. Chagua wanga mmoja kwa usiku, muhogo au magimbi au viazi vitamu, weka samaki au maharage pembeni, na vya kukaanga viwe kipande kimoja. Daku iwe na protini na mboga ili ukae. Mtu mwenye kisukari anayetumia dawa azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Halafu maneno ya watu. Ukipungua Dar, utaulizwa. "Dada, kwema? Mbona umekonda hivyo?" "Kaka, mambo hayaendi nini?" Unene huku bado unasomeka kama raha na kutunzwa, na wembamba kama ugonjwa au dhiki, hasa kwa mwanamke aliyeolewa. Shangazi anayekuwekea mnofu wa tatu anakupenda, hana nia mbaya. Maneno hayo huwarudisha watu wengi kuliko pilau, ndiyo maana tunasema jibu liandaliwe mapema na liwe fupi: "Shikamoo shangazi. Niko mzima kabisa, nimepima, presha imeshuka. Daktari kaniambia nibaki hivi hivi." Neno "daktari" linafunga mjadala ambao maelezo marefu ya kalori yangeufungua. Wenzi wa ndoa ni jambo jingine. Mwenzako aelezwe kwa kirefu, aone namba zako za presha au sukari, kwa sababu yeye ndiye anayekula nawe kila siku.

Mazoezi katika kupungua yalikuwa msaidizi. Katika kubaki ni nguzo. Wale wa sajili ya Marekani ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka au zaidi, sajili iliyoanzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill, asilimia 90 husema wanafanya mazoezi kwa wastani wa saa moja hivi kwa siku, na zoezi linaloongoza ni kutembea. Mapendekezo ya wataalamu kwa kubakisha uzito ni dakika 200 hadi 300 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 70, kilomita moja ya kutembea kwa haraka huchoma kalori 50 hivi, kwa hiyo kilomita nne kwa siku ni 200, karibu nusu au zaidi ya ile tofauti iliyoletwa na mwili mdogo kwa yule aliyetoka kilo 90 akafika 75.

Utazipata wapi hizo kilomita mjini? Shuka mwendokasi au daladala vituo viwili kabla ya chako asubuhi, na viwili jioni. Kabla ya saa 1 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, kwa kuwa Desemba hadi Machi jua la mchana linakatisha tamaa hata mwenye nia. Pwani ya Coco na daraja la Tanzanite hujaa watembeaji alfajiri, na vikundi vya jogging vya mitaani vinakimbia Jumamosi na Jumapili. Kwa mwanamke anayeogopa giza la saa 11 alfajiri, kundi ni usalama kabla ya kuwa mazoezi. Masika ikifika, bonde la Jangwani likijaa maji na barabara kufungwa, uwe na mpango wa ndani: ngazi za jengo, kuruka kamba, kuchuchumaa na kuinuka. Wasio na mpango wa mvua huacha Aprili na hawarudi mpaka Julai.

Mara mbili kwa wiki fanya kazi ya nguvu. Dumu la lita 10 lililojaa maji ni kilo 10 hivi kwa bure: lishike kifuani, chuchumaa na kuinuka mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Pushapu ukutani kwa anayeanza, kisha kwenye ukingo wa kitanda, kisha chini. Lala mapema inapowezekana, maana usingizi mfupi huongeza njaa ya kesho yake.

Kuhusu vitu vinavyouzwa: chai za kupunguza tumbo nyingi zina majani ya kuharisha. Zinatoa maji na choo, hazigusi mafuta, na ukizitumia muda mrefu zinaharibu mpangilio wa choo na chumvi za mwili. Wanaotumia sindano za semaglutide, dawa inayopunguza hamu ya kula, wajue mapema kwamba katika utafiti uliowafuatilia walioacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Kuacha kupangwe na daktari, mlo na mazoezi vikiwa vimeshasimama. Vivyo hivyo aliyepunguziwa vidonge vya presha au sukari baada ya kupungua: aendelee kupima kila mwezi, na mizani ikiingia nyekundu, apime mapema zaidi.

La mwisho ni la wale ambao mizani inaendelea kushuka. Umeongeza chakula mara mbili au tatu kwa hesabu tuliyoitoa, umesubiri wiki nne, na bado unapungua bila kujitahidi. Usifurahi, na usimwache anayekuuliza kwa wema "unaumwa?" akapita hivi hivi. Kupungua bila kukusudia kwa asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 ni sababu ya kwenda hospitali. Ukiwa pia na kikohozi, homa za jioni au jasho la usiku, omba kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure. Pima pia sukari, virusi vya ukimwi na homoni za tezi la shingo, na uende na daftari lako la uzito, kwa sababu daktari ataona kwa dakika moja ni lini kushuka kuliacha kuwa kwako.